QT au kidato cha nne: ni upi mgumu, na ni upi utakaokugharimu zaidi?

Januari ikifika Tunduma, swali moja huzunguka kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye vibanda vya wabadilisha kwacha na kwenye ofisi za mawakala wa forodha: nianze na QT, au kuna namna ya kwenda moja kwa moja kidato cha nne? Wanaouliza ni watu wazima wenye kazi. Mmoja aliishia darasa la saba akaanza kushusha mizigo. Mwingine aliacha shule kidato cha pili alipopata ujauzito, na leo analeta sokoni mchele wa Kamsamba. Wa tatu ana leseni ya udereva, na tangu kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma na Nakonde kifunguliwe rasmi mwaka 2019 anaona wenye vyeti wakiitwa kazini na yeye akiachwa nje ya geti. Wote wana hela kidogo na muda mchache zaidi. Makala hii ni yao.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Kwa maswali yaliyo kwenye karatasi, QT ni rahisi kuliko kidato cha nne, na ada yake ni ndogo. Lakini anayejiandaa kwa QT peke yake, akisema kidato cha nne atakifikiria baadaye, ndiye anayelipa zaidi mwishoni. Nitaonyesha kwa nini, nikianza na mambo ya kuhakikisha kabla hujatoa hata shilingi mia.

Je, QT inakuhusu?

QT, ambayo kwa Kiswahili huitwa Mtihani wa Maarifa, hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kwa ajili ya mtu anayetaka kufanya mtihani wa kidato cha nne lakini hakupitia mfumo wa kawaida wa sekondari. Unapima yale ambayo mwanafunzi wa shuleni husoma kidato cha kwanza na cha pili. Ukifaulu, unapewa haki ya kujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani PC. QT yenyewe haikupeleki chuoni wala haikupi cheti cha sekondari. Kazi yake ni kufungua lango la mtihani unaofuata.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kama lango hilo limeshafunguliwa kwako. Aliyewahi kufanya kidato cha nne akapata sifuri au alama duni hahitaji QT. Huyo anarisiti moja kwa moja. Aliyefaulu upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili kisha akaacha shule kidato cha tatu naye ana hoja nzuri ya kuruka QT. Achukue matokeo yake na namba yake ya mtihani ya wakati ule, aende nayo kwenye kituo cha mitihani ya kujitegemea au kwa Ofisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri, aulize kabla ya kulipa. Wapo watu wanaopoteza mwaka mzima na ada ya QT kwa sababu tu hakuna aliyewauliza waliishia darasa la ngapi na matokeo yao yalisemaje.

Jambo la pili ni muhtasari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mitaala mipya inayoingia shuleni kwa awamu. Mtahiniwa wa kujitegemea hana mwalimu wa darasa wa kumwambia mada zipi zimebadilika. Muulize mkuu wa kituo swali moja la wazi: mtihani wa mwaka nitakaofanya mimi unafuata muhtasari upi? Kisha ndipo ununue vitabu. Kitabu cha mtumba cha muhtasari uliopitwa na wakati ni hasara hata kama umeuziwa kwa bei ya soda.

Ugumu uko wapi hasa

Tuanze na Hisabati, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa miaka mingi, kitaifa, anayefaulu Hisabati kidato cha nne amekuwa mtahiniwa mmoja katika kila wanne au watano.

Swali la kiwango cha kidato cha pili linaweza kuwa hivi: ngazi imeegemezwa ukutani, mguu wake uko mita 6 kutoka ukutani na kichwa chake kimegusa ukuta mita 8 kutoka chini, ngazi ina urefu gani? Anayeijua kanuni ya Pythagoras anachukua mraba wa 6, yaani 36, anaongeza mraba wa 8, yaani 64, anapata 100, na kipeuo chake ni 10. Ngazi ni mita 10. Mistari mitatu, swali limekwisha.

Sasa tazama swali la kidato cha nne, kwenye mada ya dunia kama tufe. Miji miwili iko kwenye longitudo moja. Mmoja uko nyuzi 9 kusini mwa ikweta, mwingine nyuzi 3 kusini. Nusu kipenyo cha dunia ni kilometa 6,370. Umbali kati yao ni kilometa ngapi? Kwanza lazima uamue kama unatoa au unajumlisha. Kwa kuwa yote miwili iko kusini, unatoa: 9 kutoa 3 ni 6. Mmoja ungekuwa kaskazini, ungejumlisha. Kisha ujue kwamba nyuzi 6 ni sehemu ya 60 ya mzunguko mzima wa nyuzi 360. Kisha utafute mzingo wa dunia: 2 mara 3.14 mara 6,370, takriban kilometa 40,004. Gawanya kwa 60, unapata kilometa 667 hivi.

Ukiangalia vizuri, hakuna hesabu ya kutisha pale. Ni kuzidisha na kugawanya, na mzingo wa duara umesomwa tangu chini. Kilichoongezeka ni maamuzi. Swali la kwanza lilidai uamuzi mmoja, la pili limedai matatu, na ukikosea wa kwanza yote yanayofuata yanaharibika. Ndivyo ilivyo karibu katika kila mada inayoongezeka kidato cha tatu na cha nne: takwimu, mfuatano na mfululizo, vekta, matriksi, uwezekano. Zinajengwa juu ya zile za mwanzo. Mtu aliyekariri majibu ya QT akapita kwa kubahatisha atafika kidato cha nne bila msingi, na hapo ndipo atakapokwama.

Ugumu wa pili ni lugha, na huu unaanza kwenye QT yenyewe. Elimu ya msingi ya serikali ni kwa Kiswahili. Sekondari ni kwa Kiingereza. Mtu aliyeishia darasa la saba miaka 10 iliyopita anakutana na Jiografia, Historia, Uraia na Baiolojia zote kwa lugha ambayo hakuwahi kuisomea. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo jema, lakini masomo mengi bado yanaulizwa kwa Kiingereza. Kwa huyu mtu QT inaweza kuwa ngumu kuliko kidato cha nne kitakavyokuwa mwaka unaofuata, maana huku ndiko anakovuka lugha. Akishavuka, amevuka.

Tofauti inaonekana kwenye namna ya kuuliza. Ngazi ya chini huulizwa sana maswali ya kutaja na kueleza kwa kifupi: taja sababu nne, toa maana, linganisha vitu viwili. Kidato cha nne kinadai insha: jadili kwa mifano hoja sita, zenye utangulizi na hitimisho. Anayejua jambo hilohilo kwa Kiswahili anaweza kushindwa kujaza ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Hilo halitibiwi na kukariri. Linatibiwa na kuandika aya moja kila siku na mtu kuisahihisha.

Kiswahili nacho kina mtego wake, hasa kwa sisi tunaokizungumza toka asubuhi hadi usiku. Kwenye QT mtu anaweza kupita kwa ufahamu, sarufi na barua. Kidato cha nne kuna fasihi, na fasihi inataka uwe umesoma vitabu teule. Kwa miaka mingi orodha imebeba kazi kama Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Ngoswe na Wasakatonge. Anayeingia kwenye chumba cha mtihani akitegemea Kiswahili cha sokoni atashangaa swali linapomtaka atumie riwaya mbili kuthibitisha hoja.

Ugumu wa tatu haumo kwenye karatasi kabisa. Mwanafunzi wa shule hubeba alama za maendeleo darasani ambazo huchangia asilimia 30 ya alama yake ya mwisho, na mtihani huchangia 70. Wewe wa kujitegemea mtihani ni asilimia 100. Huna mto wa kulalia. Siku ukiugua malaria au lori likaziba barabara ukachelewa, hakuna alama za nyuma za kukuokoa. Ndiyo maana ufaulu wa watahiniwa wa kujitegemea kila mwaka huwa chini ya ule wa shule, na si kwa sababu watu wazima hawana akili.

Na kama unafikiria sayansi, kumbuka karatasi ya vitendo. Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha nne zina mtihani wa maabara. Tafuta mapema kituo chenye maabara inayofanya kazi, au chagua masomo mengine. Kusoma kupima asidi kwenye daftari bila kuwahi kushika bureti ni kujitupa.

Hesabu ya fedha

Kwa matangazo ya NECTA ya miaka ya karibuni, ada ya QT ni shilingi 30,000 kwa anayejisajili ndani ya muda wa kawaida, na 40,000 kwa anayechelewa. Kidato cha nne kwa mtahiniwa wa kujitegemea ni 50,000 kwa wakati na 65,000 kwa kuchelewa. Muda wa kawaida huanza Januari mosi hadi mwisho wa Februari, na wa kuchelewa ni Machi. Thibitisha tangazo la mwaka wako, lakini mpangilio ndio huo.

Anayewahi mara zote mbili analipa 80,000. Anayechelewa mara zote mbili analipa 105,000. Tofauti ya 25,000 ni hela ya kununulia daftari, kalamu na seti ya vifaa vya hisabati, na chenji ikabaki.

Angalia kalenda hapo. Matokeo ya QT hutoka pamoja na ya kidato cha nne, kwa kawaida mwishoni mwa Januari. Dirisha la bei ya kawaida la kidato cha nne hufungwa mwisho wa Februari. Kwa hiyo aliyefaulu QT ana takriban mwezi mmoja tu wa kupata 50,000. Anayeanza kuitafuta siku ya matokeo mara nyingi huishia kulipa 65,000. Anza kuiweka Novemba ileile unayomaliza QT, hata kwa buku mbili kwa siku.

Lakini ada ya mtihani ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Tuseme kituo cha tuisheni kinatoza 30,000 kwa mwezi. Namba hii ni ya mfano tu; weka ya kituo chako. Kwa miezi 10 ni 300,000. Kwa miaka miwili ni 600,000. Ukiongeza ada zote mbili za NECTA unapata 680,000, na ada za mtihani ni chini ya sehemu moja ya nane ya hiyo. Sasa tuseme umefeli QT kwa sababu ulidharau. Mwaka wa ziada ni 300,000 za tuisheni na 30,000 za mtihani, jumla 330,000. Huo ndio mtihani ulioambiwa ni wa bei ndogo.

Na bado hatujahesabu muda. Dereva wa bodaboda anayekaa darasani saa mbili jioni anakosa abiria wa jioni, ambao pale Tunduma ndio wenye hela. Mama wa mchele akifunga mapema anapoteza wateja wanaotoka kazini. Kabla ya kuchagua kituo, kadiria hasara hiyo kwa wiki, uijumlishe. Kituo cha bei ya chini chenye ratiba inayogonga saa zako za kazi kinaweza kuwa ghali kuliko kile cha bei ya juu kinachofundisha asubuhi.

Lipia ada ya NECTA mwenyewe. Kituo hukupa namba ya rejea, unajisajili, unapata namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unabaki na risiti. Usimpe mtu fedha taslimu kwa ahadi kwamba atakusajili akienda Mbeya. Na utofautishe kituo cha tuisheni na kituo cha mtihani: kile kinachokufundisha si lazima kiwe ndicho utakachofanyia mtihani. Kwa kidato cha nne, namba ya kituo cha kujitegemea huanza na herufi P. Omba kuiona kwenye fomu yako.

Wapi pa kusomea

Njia ya kwanza ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Masomo yake ya sekondari yamegawanywa hatua mbili: ya kwanza inabeba kidato cha kwanza na cha pili na kuishia na QT, ya pili inabeba cha tatu na cha nne. Uzuri wake ni kwamba hatua zote mbili zimefungwa pamoja tangu mwanzo, na moduli zimeandikwa kwa ajili ya watu wasiokaa darasani siku nzima. Kwa wasichana waliokatisha masomo, mradi wa SEQUIP, uliopata mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2020, ulifungua njia mbadala kupitia TEWW ambayo msichana hakutozwa ada ya masomo. Nenda kwa Ofisa Elimu ya Watu Wazima pale Halmashauri ya Mji, au ofisi za mkoa Vwawa, uulize nafasi za mwaka huu. Kama una sifa, hakuna njia yenye unafuu zaidi ya hii.

Njia ya pili ni kurudi shule ya kawaida. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurudi darasani. Kwa binti wa miaka 16 au 17 aliyeacha shule juzijuzi, hii ni bora kuliko QT: elimu ya serikali haina ada, mwalimu yupo kila siku, na alama za maendeleo zitamsaidia. Wazazi wengi bado hawajui haki hii. Ijulikane.

Njia ya tatu ni kituo cha tuisheni cha binafsi. Hapa ubora unatofautiana sana. Uliza mambo manne: walimu wa Hisabati na Kiingereza ni nani na wapo siku ngapi kwa wiki, wanasahihisha insha na kuzirudisha au wanaandika ubaoni tu, wana mitihani ya majaribio mingapi kwa mwaka, na waliofaulu mwaka jana walipata alama gani kwenye masomo unayoyataka wewe. Matokeo ya NECTA huwekwa mtandaoni kwa kila kituo, kwa hiyo jibu la swali la mwisho linaweza kuhakikiwa. Usiridhike na bango lenye picha ya mtu mmoja aliyepata divisheni ya kwanza.

Njia ya nne ni kujisomea. Inawezekana kuliko watu wanavyodhani, na vifaa vyake vikuu ni vya bure. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. NECTA kwenye tovuti yake ina miundo ya mitihani na mitihani iliyopita. Pia kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo nazipenda kuliko vyote. Kila taarifa inachukua swali la mtihani uliopita, inaeleza lilitaka nini, kisha inaonyesha picha ya jibu zuri na picha ya jibu bovu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Ukisoma jibu bovu ukaelewa kwa nini lilinyimwa alama, umepata somo ambalo tuisheni nyingi hazilitoi. Pakua taarifa ya Hisabati na ya Kiingereza, uzisome jioni mbili kwa wiki. Gharama ni bando tu.

Udhaifu wa kujisomea ni kwamba hakuna wa kukusahihisha. Kwa hiyo hata ukichagua njia hii, tenga hela ya mwalimu mmoja wa Kiingereza na Hisabati mara moja kwa wiki. Hiyo ndiyo hela inayorudi.

Unataka mlango gani baada ya hapo?

Watu wengi huchagua masomo ya kidato cha nne kwanza, kisha huanza kufikiria chuo matokeo yakishatoka. Ingefaa iwe kinyume chake, kwa sababu milango ya vyuo ina vipimo tofauti sana.

Kidato cha nne, D huanzia alama 30, C 45, B 65 na A 75. Kwenye divisheni, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, na huhesabiwa masomo saba bora. Vyuo vya kati vilivyo chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, kwa kozi nyingi za astashahada, hutaka ufaulu wa D nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Piga hesabu: D nne ni pointi 16, F tatu ni 15, jumla 31. Hiyo ni divisheni ya nne, ambayo huanzia 26 hadi 33. Mtaani inaonwa kuwa aibu, lakini ina mlango halali wa chuo. Kozi za afya zina masharti yake. Hutaka ufaulu kwenye masomo ya sayansi, hasa Kemia na Baiolojia. Anayelenga uuguzi akichagua masomo ya sanaa kwa kuogopa maabara amejifungia mlango mwenyewe.

Kidato cha sita kwa njia ya kujitegemea kinataka zaidi: angalau C tatu kidato cha nne. Ada yake ni kama ile ya kidato cha nne, 50,000 kwa wakati na 65,000 kwa kuchelewa, usajili ukianza Julai kwa mtihani wa Mei mwaka unaofuata. Kule vigezo vimepanda: E huanzia 40, D 50, C 60, B 70 na A 80. Kuanzia 35 hadi 39 ni S, ambayo haihesabiwi kuwa ufaulu mkuu. Kwa shahada, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutaka ufaulu mkuu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4. Hapa pointi zinahesabiwa kinyume na za NECTA: A ni 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha kwa sharti la chini, na C moja na E moja pia. Kozi zenye ushindani hutaka zaidi.

Ukiweka njia hizi mbili pamoja, kidato cha sita kinaonekana kifupi: mwaka mmoja na nusu hivi baada ya kidato cha nne, kisha shahada. Njia ya chuo ni miaka mitatu toka astashahada hadi stashahada, na wastani wa GPA 3.0 kwenye stashahada unakuruhusu kuomba shahada. Lakini wa kidato cha sita akifeli anabaki na cheti cha kidato cha nne tu. Wa chuo akiishia njiani anakuwa na astashahada mkononi, inayoajirika. Kwa mtu mwenye watoto, hilo lina uzito.

Ipo pia njia ya Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kozi yake ya msingi huchukua waliokosa pointi za kidato cha sita kwa kidogo, na wenye sifa za vyuo vya kati, ikiwaandaa kwa shahada. Kwa mtu wa Tunduma asiyetaka kuhamia Mbeya, kilometa kama 100, kulipa chumba karibu na chuo kikuu cha MUST au kampasi ya Mzumbe, kusoma huku anafanya kazi ni akiba kubwa. Na kuhusu mkopo wa elimu ya juu: Bodi ya Mikopo inakopesha shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 inakopesha pia stashahada za fani za kipaumbele. Kuna ukomo wa umri wa miaka 35. Mwenye miaka 31 leo anayeanza na QT aifanye hesabu hiyo mapema.

Nani achague nini

Binti aliyeacha shule miaka ya karibuni arudi shule, au aende TEWW. Asiende tuisheni ya kulipia kabla ya kuuliza pale.

Aliyeishia darasa la saba na ana kazi ya mchana afanye QT, lakini atumie miezi mitatu ya kwanza kwenye Kiingereza na Hisabati pekee. Kila anaponunua kitabu cha kidato cha pili, anunue na cha tatu. Baada ya QT ya Novemba asipumzike hadi matokeo yatoke. Desemba na Januari ni miezi miwili ya bure ya kuanza mada za juu, na akifaulu atakuwa tayari ameanza mbio.

Aliyewahi kufanya kidato cha nne akakosa D moja au mbili ahakikishe kwanza chuo anachokitaka kinahitaji masomo gani, kisha arisiti hayo na asiyabebe yote tena. Masomo matatu yaliyosomwa vizuri yana thamani kuliko saba yaliyoguswaguswa.

Anayetaka shahada na ana miaka chini ya 25, mwenye uwezo wa kupata C tatu, aende kidato cha sita. Aliyevuka hapo, mwenye familia, achukue astashahada.

Mkoa wetu ni mchanga, ulizaliwa mwaka 2016, na mji wetu unaishi kwa mizigo ya watu wengine inayopita kwenda Zambia na Kongo. Kazi nzuri za mpakani zinahitaji watu wanaosoma nyaraka, wanaoandika barua na wanaojua hesabu. Watu hao wanaweza kutoka kwenye vijiwe hivihivi vya Tunduma. Kinachowazuia wengi ni ushauri mbaya unaoanza na maneno “QT ni rahisi, fanya tu.” Wewe ukiulizwa, mjibu mwenzako kwa maswali mawili: unataka kuingia chuo gani, na utaanza lini kusoma cha nne? Dirisha la ada ya kawaida hufungwa mwisho wa Februari.